Upande Wangu wa Ungo

Ungo wa mama yangu umekaa kwenye msumari wa sebule yangu hapa Kasulu miaka mingi, na siku nilipoushusha ili mjukuu wangu Adela apime ukuta, unga ulidondoka. Ulikuwa umejificha kwenye mshono wa ukingo. Najua haukuwa unga wa mama, maana mama alitutoka zamani, na ungo huo nimeupepetea mimi mwenyewe mara nyingi. Lakini pua haijui kuhesabu miaka. Nikanusa muhogo uliokaushwa juani, ule ukali wake mdogo kama maziwa yanayoanza kuganda, nikajikuta niko chini.

"Bibi, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Basi shika huo mwisho wa futi."

Tulikuwa tunapima kwa sababu ya kompyuta na kwa sababu ya kaka yangu. Mambo hayo mawili yalikuwa yanagombea pembe moja. Adela anachora ramani za nyumba za watu, kazi yake ndiyo hiyo, anaifanyia hapo hapo sebuleni. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na kioo juu ya meza, boksi chini ya meza linalonguruma kama paka, na nyaya nyingi za kumkwaza mgeni. Ilipokufa nilisikitika kwa ajili yake, lakini nilifurahi kwa ajili ya sakafu.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimempigia simu Bukuru. Bukuru ni pacha wangu, anaishi Kibondo tangu alipooa huko. Mkewe Melania tumekwisha kumzika, watoto wake wako mbali, na miguu imeanza kumkataa. Nikamwambia njoo ukae na mimi.

"Butoyi," akasema, "sebule yako naijua. Nikija nilale wapi, juu ya meza ya kompyuta?"

"Tutapata nafasi."

"Mtu hatafutiwi nafasi kama kuku wa mgeni. Mwache mtoto afanye kazi yake."

Namjua. Angekuja kwa kubembelezwa, akiona tu kwamba amembana mtu, angerudi Kibondo na basi la kesho yake, akafie huko peke yake kwa sababu ya adabu. Ndiyo maana nilishika ule mwisho wa futi kwa mikono miwili. Kitanda kiliingia vizuri kwenye pembe. Kilichobaki kwa ajili ya kompyuta kilikuwa urefu wa mkono wangu mmoja na shibiri.

Tukaenda dukani kwa Bi Mwanaidi. Baba yake alitoka pwani na marobota ya khanga akabaki Kasulu, na yeye sasa anauza simu na kompyuta. Kiswahili chake kimenyooka hata sisi Waha tunaona haya kumjibu.

"Karibuni. Bibi yangu naye leo kaja kununua kompyuta?"

"Nimekuja kumnunulia kaka yangu nafasi," nikamwambia.

Akacheka, lakini nilipomweleza akaacha kucheka, akatutafutia viti. Akatuonyesha laptopu kwanza. Adela akakataa: ramani ikiwa ndogo namna hiyo, fundi ataweka choo mlangoni kwa jirani. Akatuonyesha yenye boksi. Mimi ndiye niliyekataa hiyo, nikaonyesha kwa mikono mahali ambapo kichwa cha Bukuru kingekuwa. Ndipo akaleta ya tatu, kioo kipana chenye mguu mmoja.

"Hii mashine yote imo humo humo nyuma ya kioo. Boksi hakuna, waya mmoja tu. Na mguu wake unakunjika, ukitaka unailaza mezani kama sinia. Halafu ni tachi, unaiamrisha kwa kidole. Gusa, bibi yangu. Haing'ati."

"Nitaichafua."

"Nitaifuta."

Akailaza juu ya kaunta, akafungua ukurasa mtupu. Mweupe pee, kama unga uliosawazishwa kwa kiganja. Mwanga wa mlangoni uliupiga kwa ubavu. Nikaweka kidole, na mstari ukakifuata. Sikuwaza kitu. Kidole kilianzia kulia kikaenda kushoto, polepole, mpaka kikafika mwisho wa jina langu.

Bi Mwanaidi akaliangalia. "Bibi, hii lugha gani? Maana Kiarabu nakijua, nacho si hivi."

"Bibi, mbona umeandika kichwa chini?" Adela akauliza.

Nilicheka hadi machozi. Miaka yote hii nilidhani mambo hayo yamekwisha. Penseli yangu ilifundishwa upya shuleni, ikazoea upande wa watu wote. Kidole changu hakijawahi kufundishwa upya.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyopimwa kuingia shule. Cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Ulipitisha mkono juu ya kichwa ukagusa sikio la upande wa pili. Ukiligusa, umekua. Sisi tulikuwa kijijini Kitanga, na mwaka huo mimi na Bukuru tuligusa masikio yetu siku moja mbele ya Mwalimu Gervasi. Nililishika langu kwa nguvu nisije nikaambiwa limeteleza. Mwalimu akaandika majina mawili.

Baba yetu, Nyabenda, akasema litabaki moja. Mbuzi walikuwa saba, na kulikuwa na mtoto mchanga, mdogo wetu Savera, wa kubebwa mgongoni mama akienda shambani. Bukuru aende, Butoyi abaki.

Mama akanyamaza, na mama yangu Skolastika akinyamaza hakuwa amekubali. Kwetu Buha pacha hawapewi kwa kupishana. Ukimkatia mmoja nguo, unamkatia na mwenzake kitambaa hicho hicho. Ukimpa mmoja paja la kuku, la pili ni la mwenzake, hata kama baba mwenye nyumba amebaki na shingo. Majina yetu yenyewe hatukuchaguliwa: atanguliaye ni Bukuru, afuataye ni Butoyi, unakuja nalo jina kama unavyokuja na vidole. Kumpa mmoja na kumnyima mwingine ni kuita balaa nyumbani.

Bukuru aliporudi siku ya kwanza, ameshiba vumbi na majivuno, mama alikuwa amemaliza kuchekecha unga, umekaa kwenye ungo ukisubiri maji yachemke. Akamzuia mlangoni.

"Umepewa nini huko?"

"Sijapewa kitu, mama. Nimefundishwa."

"Umefundishwa nini?"

"A, e, i, o, u."

"Mgawie mwenzako."

Bukuru akafikiri. Alikuwa mtoto wa haki. Akasema atachukua a, e na i, mimi nichukue o na u, kwa sababu yeye ndiye aliyetembea. Mama akasema pacha hawapewi tatu kwa mbili.

"Basi i tuikate?"

"Ikatwe vipi?"

"Herufi haikatiki, mama!"

"Kama haikatiki, mpe zote na wewe ubaki nazo zote. Tuone kama zitaisha."

Akasogeza ungo katikati, akausawazisha unga kwa kiganja. Masharti yalikuwa mawili: unga usidondoke hata punje, na tukimaliza tuufute wenyewe kabla maji hayajachemka. Chakula hakichezewi, ila hicho hakikuwa kuchezea, kilikuwa kugawana.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za wakati huo, ilikuwa na pande. Ukiingia, kulia ni kwa baba na wavulana, kushoto ni kwetu. Kigoda cha baba hakikuvuka jiko, wala chungu cha mama hakikuvuka. Basi Bukuru alikaa upande wake na mimi nikakaa upande wangu, Savera mgongoni, na jicho moja likiwaangalia mbuzi kupitia mlango. Ungo ukawa katikati. Yeye aliandika kwa kidole akijielekea. Mimi nikaandika chini yake nilichokiona.

Nilikiona kikiwa kichwa chini. Lakini nani alijua? Hakuna mtu nyumbani aliyejua kusoma isipokuwa Bukuru, na Bukuru alikuwa na elimu ya siku moja. Siku ya tatu au ya nne Bukuru aliposema u ni kikombe, niligundua kwamba anavyoziona yeye sivyo ninavyoziona mimi. Herufi ya u kwake ilikuwa kikombe, kwangu ilikuwa chungu kilichofunikwa. Sikushangaa. Niliona ni sawa kabisa. Kila kitu nyumbani kilikuwa na upande wa kiume na upande wa kike, basi na herufi nazo zilikuwa nazo. Zile zilikuwa herufi za wavulana zikiangaliwa kutoka kulia kwa jiko, na hizi zangu zilikuwa herufi za wasichana. Nilizipenda zangu. Nilimhurumia Bukuru kwa kuandika vikombe vitupu wakati mimi naandika vyungu vilivyofunikwa, ambavyo huenda vilikuwa na kitu ndani.

Tulifanya hivyo kila siku ya shule. Harufu ya ule unga, baridi yake kwenye ncha ya kidole, mlio wa maji yakianza kuimba, na mama akisema, "Futeni." Tulifuta, unga ukaingia chunguni, na tulipokula niliamini tunazila zile herufi, ndiyo maana hazipotei. Nilikuwa nikimsikitikia Savera kwamba ananyonya tu.

Nafikiri Bukuru ndiye aliyesema shuleni. Aliulizwa nani anajua kuandika jina la mtu wa nyumbani kwao, akasema, mimi najua, hata yeye mwenyewe anajua. Mwalimu Gervasi akapanda mpaka kwetu. Baba akamsikiliza, akavuta kiko, akamjibu kwa heshima kwamba mwalimu amedanganywa na watoto. Kisha akasema neno ambalo nililishika kama nilivyolishika sikio langu: "Akiandika jina lake mbele yangu, nitatafuta wa kuchunga. Asipoandika, neno hili lisirudi hapa kwangu."

Sikulala vizuri. Si kwa woga, kwa furaha. Nililijua jina langu kuliko nilivyowajua mbuzi, na mbuzi niliwajua wote saba.

Asubuhi baba alivaa koti. Mama alinipaka mafuta mpaka kwenye magoti. Darasani walikuwepo akina Leonsi, Zefania, Anastazia na Filipo, wale wale niliowapita kila siku na mbuzi wangu, wamekaa kwenye magogo. Ubao ulikuwa umesimama kwa miguu mitatu, umeegemea vigingi viwili. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mwalimu akanipa chaki. Niliinusa kwanza, nikaona haina harufu ya chakula.

Nikaandika. Nilianzia kulia nikaenda kushoto, kama siku zote. B yangu ikaangalia kushoto. U ikafunikwa. T ikasimama kwa kichwa. O ilikuwa salama, maana O haina kichwa wala miguu. Y ikaegemea pembe zake mbili, na I ikafunga mlango. Nikarudi nyuma hatua moja, nikaona ni nzuri.

Kicheko kilianza kwa Zefania. "Mwalimu, jina lake limeanguka!" Kikaenea darasa zima. Leonsi aliinama akaangalia ubao kwa katikati ya miguu yake ili wenzake wazidi kucheka. Mimi nikageuka kumtafuta baba. Baba hakujua kusoma, lakini kicheko alikijua. Alikuwa anavaa kofia.

"Ameshindwa," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika.

Ndipo Bukuru akasimama. 

"Mwalimu, ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kama amekosa, fimbo ni zangu."

"Ulimfundisha wapi?"

"Kwenye ungo."

"Yeye alikaa wapi?"

"Upande wake."

Mwalimu Gervasi akaangalia ubao, akainamisha kichwa bega hili, akainamisha bega lile. Kisha akafanya jambo ambalo naliona mpaka leo nikifumba macho. Aliushika ubao kwa mikono miwili, akauondoa kwenye vigingi, akaugeuza juu chini, akaurudisha. Akapangusa vumbi la chaki kwenye suruali.

"Zefania. Soma."

Zefania akasoma, kwa sauti ndogo. Butoyi.

"Kuna herufi iliyokosewa?"

"Hakuna, mwalimu."

Baba alikuwa bado na mkono kwenye kofia. "Kwa hiyo ubao ndio uliokaa vibaya?"

"Ubao, mzee, na sisi tulioucheka. Mtoto ameandika vile alivyoonyeshwa, na amejifunza akiwa ng'ambo. Wangapi hapa wangeweza?"

Baba aliangalia jina ambalo hakuweza kulisoma. Akamwangalia Bukuru, akaniangalia mimi. "Nilisema nampa mmoja," akasema polepole. "Kumbe mama yao anawapa wote wawili mbele ya macho yangu, na mimi nakula huo ugali." Akavua tena kofia.

Mbuzi walichukuliwa na mama mdogo Yustina, na Savera akaenda naye. Mimi nilisoma mpaka la nne, basi, mama alipoanza kuugua nilirudi nyumbani, na sikuwahi kulia kwa hilo. Miaka hiyo minne ilinitosha kusoma barua za watu wa kijiji kizima, kusoma misale, na kuandika majina ya wote niliowazika na wote niliowapokea duniani. Wako kwenye daftari, sijasahau hata mmoja.

Shukrani zangu naziweka hapa, kwa mama Skolastika aliyeona herufi kama paja la kuku. Kwa Mwalimu Gervasi, aliyegeuza ubao badala ya kunigeuza mimi. Kwa baba aliyekuwa na neno moja, na siku lilipomwelemea hakulitupa. Bukuru sijawahi kumshukuru. Kwetu pacha hawashukuriani, maana utamshukuruje mtu kwa kukupa nusu yako? Lakini alisimama mbele ya fimbo, na nusu ya fimbo hakuniletea.

Basi pale dukani tukaichukua ile kompyuta ya kulala kama sinia. Bi Mwanaidi alikuja nayo mwenyewe, akaiweka mezani, akaona kitanda pembeni kimetandikwa, akasema, "Sasa mlete huyo kaka."

Nilimwambia Bukuru aje kusalimia tu. Alifika na kifurushi kidogo kwenye khanga ya marehemu Melania, kifurushi cha mtu wa kurudi. Tukapigiana makofi ya salamu, mwakeye, mwakeye, tukaulizana habari za kila mtu kwa jina. Kisha akaanza kuikagua sebule.

"Kompyuta iko wapi?"

"Hiyo hapo."

"Hicho ni kioo. Boksi lake?"

"Haina boksi."

"Haina, au mmelitoa nje kwa ajili yangu?"

"Babu, kweli haina," Adela akamwambia. "Chungulia chini ya meza."

Akachungulia kweli, ameshika fimbo yake, akachungulia na chini ya kitanda. Akakaa juu ya godoro kwa tahadhari, kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine. Niliona anataka kuamini na adabu inamkataza.

Nikailaza mashine mezani, nikaomba Adela afungue ule ukurasa mweupe. Nikakaa upande wa mlangoni. Yeye akasogezewa kigoda upande wa pili.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Umetoka Kibondo. Umepewa nini huko? Mgawie mwenzako."

 Kidole chake kikatoka, kimekunjamana, akaandika a, akaandika e, akaandika zote tano, akijielekea. Nilizisoma kwa sauti bila kuinamisha shingo. Adela akataka kutuonyesha kwamba ukurasa unaweza kugeuzwa kwa vidole viwili, nikamwambia aache.

Bukuru akashika fimbo, akasimama. Nikafikiri amechoka. Kumbe alikuwa anaburuta kigoda chake kuizunguka meza. Alikiweka karibu na changu, akakaa, bega kwa bega, akaziangalia herufi zake kutoka upande wangu. Aliziangalia kwa muda mrefu.

"Yoo, Butoyi. Ndivyo ulivyokuwa unaziona?"

"Kila siku."

"Na hukulalamika."

"Nilalamikie nini? Nilijua ni za wasichana."

Alicheka mpaka akakohoa, akanipiga paja, akafuta macho kwa kiganja. "Na mimi sikuwahi kuvuka jiko nikaangalia. Hatua tatu tu."

Kesho yake asubuhi honi ya basi la Kibondo ilisikika kutoka stendi. Nilikuwa jikoni nachekecha unga kwenye ungo wa mama. Nilichungulia. Bukuru alikuwa amesimama sebuleni, kofia mkononi, anaangalia ukuta.

"Butoyi," akaita, "huu msumari una mwenyewe?"

"Hauna."

Akatundika kofia.